Shokomzoba za 34,000 au seti ya 215,000? Jibu kwa mwalimu wa Mau Narok

Swali: "Fundi, mimi ni mwalimu huku Mau Narok na nina shamba la viazi. Naendesha Hilux dabo kebini ya 2012, ya dizeli, inayovuta kwa magurudumu manne. Jumatatu hadi Ijumaa nakwenda nayo shuleni ikiwa tupu. Jumamosi, na Jumatano kadhaa kijana wangu akiwa na nafasi, tunashusha magunia 14 Nakuru. Likijaa, gari linakaa chini nyuma kama mbwa aliyechoka, na kwenye matuta tunasikia chuma kikigonga chuma. Mbele nako kuna sauti ya kogo-kogo. Fundi wa jua kali Njoro ameniambia 34,000: shokomzoba nne mpya na bledi mbili za kuongeza nyuma. Duka moja la Nakuru limeniandikia 215,000: seti nzima ya Australia, springi na shokomzoba, na gari litapanda sentimita tano. Mke wangu anasema wote wawili ni wezi. Nifuate ipi?"

Mwalimu, salamu nyingi kwako na kwa mama. Wezi ni neno kali, ila amekaribia ukweli kuliko wale waliokupa bei. Kila mmoja amekuuzia alicho nacho. Wa Njoro ana bledi kuukuu za lori (vile vyuma bapa vinavyopangwa kufanya springi ya nyuma) na jiko la makaa. Wa mjini ana maboksi. Sioni kwenye maelezo yako kama kuna aliyekuuliza nyuma ya gari unaweka kilo ngapi, na kwa siku ngapi katika wiki.

Basi tuhesabu. Magunia 14 ya kilo 50 ni kilo 700. Wewe na kijana, tuseme 150. Hizo ni 850, na hapo nimekuamini kwamba gunia lako ni la kilo 50 kama kanuni za viazi za 2019 zinavyotaka. Ikiwa bado mnashona lumbesa, yale magunia ya kufurika, za kilo 110, basi 14 zinapita tani moja na nusu, na hapo tufunge mazungumzo, kwa sababu hakuna springi ya dukani wala ya mbinguni itakayokusaidia. Soma kibao cha uzito cha gari lako na kitabu chake, uone uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa gari likiwa na mzigo. Namba hiyo haibadiliki kwa kufunga springi nzito. Springi inaweza kubeba mzigo kwa kiburi, lakini breki, ekseli, beringi na chesisi ni zile zile zilizotoka kiwandani.

Siku je? Unapakia mara moja au mbili kwa wiki, tena kuteremka tu. Kurudi ni tupu. Kwa hiyo kilomita nyingi sana za gari hili linatembea na mwalimu mmoja na begi la vitabu. Lishike hilo, maana ndilo lililonifanya nisikubaliane na bei zote mbili.

Wateja wangu wengi huchanganya springi na shoki, yaani shokomzoba, na wauzaji hawana haraka ya kuwatenganishia. Springi ndiyo inayobeba. Shoki haibebi kitu; kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kuruka. Gari lako kukaa chini likijaa ni neno la springi. Kuyumba na kudunda-dunda baada ya tuta, tairi kupepea juu ya murramu, hilo ni la shoki. Na kogo-kogo ya mbele, nadhani yangu ni kwamba haimo kwenye orodha ya yeyote kati ya hao wawili: mara nyingi ni bushi za mikono ya chini, bolijointi au linki za stebilaiza, yaani vile viungo na mipira inayoshika magurudumu ya mbele. Utafunga seti ya 215,000, ushuke kilima cha kwanza, na kogo-kogo ikusalimie.

Kwa hiyo, kabla hujatoa hata shilingi, fanya jambo moja la bure. Endesha gari tupu kwenye murramu mbovu kama dakika ishirini, usimame mahali salama, uingie chini ukaguse mwili wa kila shoki kwa mgongo wa mkono. Gusa kwa haraka, inaweza kuchoma. Shoki inayofanya kazi huwa moto, kwa sababu kazi yake yote ni kugeuza kule kurukaruka kuwa joto. Ukikuta tatu ni moto na moja imepoa kama chupa ya soda, hiyo iliyopoa imekufa, hata kama kwa macho ni safi na haivuji mafuta. Kipimo kile cha kusukuma bampa na kuhesabu gari linadunda mara ngapi sikiamini sana kwenye pikapu. Springi za nyuma ni ngumu mno kwa mikono ya mtu, na bledi zenye kutu husuguana zikaficha shoki iliyokufa.

Joto hilo ndilo linalotenganisha shoki rahisi na shoki ghali, kuliko rangi na stika. Chukua barabara iliyokunjamana kama mabati. Mikunjo ikiachana kwa mita moja, na wewe uko kwenye kilomita 60 kwa saa, gurudumu linapigwa zaidi ya mara 16 kila sekunde. Kwa dakika kumi ni karibu mara 10,000. Ndani ya shoki kuna pistoni yenye vali, inayosukumwa ndani ya mafuta, na kila kipigo kinaongeza joto. Katika shoki ya kawaida ya mirija miwili, hewa au gesi hukaa juu ya mafuta hayo hayo, hivyo ikitikiswa sana povu huingia, na pistoni inayopita kwenye povu hukutana na upinzani mdogo sana. Dereva husema gari limelegea. Likipoa linarudi sawa, na kesho yake anasema labda aliota. Zile rahisi kabisa zina mafuta kidogo, mhimili mwembamba na sili isiyopenda vumbi letu, kwa hiyo hufikia hapo mapema na kila mara hurudi kidogo kuliko zilivyokuwa.

Wenye shoki bora wamelijibu tatizo hilo kwa njia tofauti. Wengine wamebaki na mirija miwili lakini wakajaza naitrojeni ya shinikizo na kuongeza unene wa mwili na mhimili. Wengine wameondoa gesi huru wakaweka sponji maalumu yenye vitundu vilivyofungwa, ili povu lisijitengeneze. Na kuna za mrija mmoja, ambazo pistoni ya pili inayoelea hutenga gesi na mafuta, na mafuta yanagusa ukuta wa nje kabisa hivyo yanapoa haraka. Hizi za mrija mmoja ni tamu kuendesha, ila zina udhaifu ambao dukani hautajwi. Jiwe likibonyeza ule mrija, pistoni inakwama au inajikwaruza, na shoki imekwisha. Ya mirija miwili ina koti la nje la kupokea jiwe. Kwa njia za shambani kwako, zenye kokoto za kurushwa na tairi, mimi ningechagua mirija miwili iliyotengenezwa vizuri na kuiachia hiyo nyingine watu wa mashindano.

Sasa zile bledi mbili za Njoro. Ugumu wa bledi haupandi sambamba na unene. Unapanda kwa unene mara tatu, yaani unene kuzidisha kwa unene kuzidisha kwa unene. Bledi ya milimita 8 si ngumu kidogo tu kuliko ya milimita 7 yenye urefu na upana sawa. Ni ngumu zaidi kwa karibu nusu nzima. Bledi za lori ni nene kuliko hizo. Ukichomeka mbili kati ya zako, hujaongeza mbili tu juu ya zako, umeweka daraja. Jumamosi gari litasimama wima kama askari, utamsifu fundi. Jumatatu, likiwa tupu, springi haitakunjika kabisa, na kila mkunjo wa barabara utaurusha mkia mzima hewani.

Haya nayajua kwa mwili wangu. Miaka ya nyuma nilikuwa na pikapu ya kazi, nikaiongezea bledi mbili nene kwa mikono yangu mwenyewe na nikajiona mhandisi. Wiki ya pili, natoka kupeleka injini upande wa Lare, gari tupu, kona ya murramu ambayo nilikuwa nimeipita mara mia. Nyuma ikaanza kuruka kwa miguu miwili kama mbuzi, tairi hazigusi chini kwa muda wa kutosha kushika, na mkia ukanipita. Nikaishia mtaroni nikiangalia nilikotoka. Hakuna aliyeumia isipokuwa ile imani yangu ya uhandisi. Nilipoikagua nyumbani nikakuta na ufa, mwembamba kama unywele, pale bano la springi linaposhikana na chesisi. Ule mtikiso ambao springi ilikataa kuumeza ulikuwa umehamia kwenye chesisi.

Jambo la pili kwa Njoro, nalo ni la moto. Chuma cha springi kimepikwa kiwandani: kimepashwa, kikazimwa kwa ghafla, kikapashwa tena kwa joto la chini, na ndiyo sababu kinapinda na kurudi. Fundi anapoiweka bledi kwenye makaa hadi iwe nyekundu, akaigonga ipate mgongo, kisha akaiacha ipoe chini ya mti, ameufuta upishi wote. Itaonekana imepanda vizuri. Baada ya mizigo michache italala. Ukitaka bledi zako zirudishiwe mgongo, tafuta anayezikunja zikiwa baridi, kwa kugonga hatua kwa hatua au kwa jeki ya haidroliki. Ni kazi ya kelele nyingi na uvumilivu, na wanaoifanya wapo. Waulize wenye matatu ya abiria 14, hawamvumilii fundi wa springi mbovu kwa muda mrefu.

Nisimseme vibaya sana wa Njoro. Bei yake ya kazi ni ya haki. Tena kuhusu bushi, wengi wa hao vijana wana sikio zuri kuliko mashine.

Tuje mjini. Hiyo seti ya 215,000 ni kitu kizuri, sitakudanganya. Springi zimepikwa sawasawa, shoki zimetengenezwa zilingane na springi hizo, na vipuri kama bushi na yubolti (boliti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli) huja navyo. Kasoro ni kwamba bledi za seti kama hizi hupangwa kulingana na mzigo wa kudumu: nyingine za gari tupu na mizigo ya hapa na pale, nyingine za kilo 300 zinazokaa ndani siku zote, nyingine za 500. Neno muhimu hapo ni kudumu. Zilikusudiwa mtu aliyefunga nyuma tangi, kibanda na vifaa ambavyo haviteremki. Uliza duka wamekuandikia ipi. Kwa kuwa wamesikia viazi, nina wasiwasi wamekuandikia nzito, na nzito kwa gari lililo tupu siku tano kwa wiki itakupa mtaro wangu wa Lare, kwa bei ya mara sita.

Halafu zile sentimita tano. Gari lililoinuliwa linapendeza, na najua vijana wa shule yako watalipigia makofi. Lakini mbele ya Hilux yako kuna mihimili inayopeleka nguvu kwenye magurudumu, na viungo vyake vya sivi vinafanya kazi kwa pembe. Ukiinua, pembe inakuwa kali, mipira inayovifunika inachanika mapema, vumbi linaingia. Sentimita tano ndiyo mpaka ambao wengi huufikia bila kubadili vitu vingine. Nyingi za Vigo, yaani Hilux za kizazi chako, huvumilia, baadhi hulalamika. Alaimenti (kunyoosha magurudumu) lazima, taa za mbele lazima zishushwe usiwapofushe wanaopanda.

Kuna kitu kingine, na hiki ndicho kinachoninyima usingizi kwa mtu anayeshuka kutoka Mau Narok na kilo 700. Lala chini ya gari, tazama juu ya ekseli ya nyuma. Hilux nyingi za kizazi chako zina fimbo inayotoka kwenye ekseli kwenda kwenye vali iliyofungwa kwenye chesisi. Fimbo hiyo inapima nyuma imeshuka kiasi gani. Ikishuka, vali inaelewa kuna mzigo, inaruhusu breki za nyuma zipate shinikizo zaidi. Ikiwa juu, inaelewa gari ni tupu, inazipunguzia ili tairi za nyuma zisifunge. Sasa wewe umeinua nyuma, au umeweka springi isiyoshuka. Gari limejaa viazi lakini vali inaambiwa ni tupu. Breki za mbele zinaachiwa sehemu kubwa mno ya kazi, na ule mteremko hadi Njoro ni mrefu. Fimbo hurekebishwa au huongezewa bano; si kazi ngumu, lakini lazima mtu akumbuke. Waulize wote wawili: "Mkimaliza, mtarekebisha vali ya breki ya nyuma?" Atakayekutazama kama umeuliza habari za mwezi, usimwachie gari.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Kwanza bushi na viungo vya mbele, pamoja na bushi za springi na shakoli za nyuma (vile vyuma vinavyoshika ncha ya springi kwenye chesisi). Chagua za mpira za ubora wa kiwandani. Zile za plastiki ngumu za rangi hudumu ila hupiga kelele zisipotiwa grisi, na shuleni watakusikia kabla hujafika getini. Pili, shoki nne za daraja la kiwandani kutoka kwa kampuni inayoaminika, iwe ya Japani au nyingine, zenye gesi, za mirija miwili. Ukitaka kuongeza pesa mahali, ongeza kwenye mbili za nyuma. Usibadilishe moja, badilisha kwa jozi, kushoto na kulia. Tatu, bledi za nyuma: fungua zipimwe mgongo na zikaguliwe nyufa. Kama bado zina uhai, zikunjwe baridi na uongezewe moja nyembamba, inayolingana na upana wa zako. Kama zimechoka, nunua pakiti mpya ya nyuma ya daraja la wastani, ile ambayo bledi za chini hukutana na mzigo pale tu unapokuwa mzito, kwa hiyo gari tupu linakalia zile laini za juu. Maduka hayo hayo ya seti huuza springi za nyuma peke yake. Hawapendi, lakini huuza.

Kwa makisio yangu utatumia chini ya nusu ya ile 215,000, hata ukinunua pakiti mpya. Si rahisi kama 34,000, sikatai. Ila hesabu na gharama za kurudia. Kwenye Hilux yako shoki ya mbele imekaa ndani ya springi ya koili, na kuitoa ni kubana ile koili kwa chombo chake. Nimeona vijana wakiifunga kwa waya na kamba. Niliona pia moja ikikatika na koili kupiga bati la paa mita nne juu. Kazi hiyo unailipia kila shoki inapokufa, na alaimenti juu yake.

Mifuko ya hewa ya kupachika juu ya ekseli umeshauriwa? Hukuitaja, lakini utashauriwa. Ni mizuri kwa kusawazisha kimo. Ubaya wake ni kwamba inahamisha mzigo kutoka ncha mbili za springi na kuuweka pahali pamoja kwenye chesisi, juu ya ekseli, na pikapu za dabo kebini zilizojazwa kupita kiasi zimepinda mgongo nyuma ya kabini. Na usinitajie Hilux za miraa. Zile zina hesabu zake.

Ukinunua shoki, uombe boksi lililofungwa, ulinganishe namba ya kipuri na ile ya gari lako, utazame namba iliyochapwa kwenye mwili wa shoki kama inafanana na ya boksi. Bandia zipo nyingi, hasa za majina yanayopendwa. Isukume kwa mkono ikiwa wima: iende chini kwa ugumu ulio sawa mwanzo hadi mwisho, bila mahali pa kuteleza. Yenye gesi itajirudisha juu taratibu yenyewe. Dai risiti yenye namba hiyo ya kipuri, si "shock 4" tu.

Na tairi, karibu nisahau. Kama zako hazina herufi C mwisho wa saizi wala LT mwanzoni, huenda hazikutengenezwa kwa mizigo mizito, na sehemu ya lile kukaa chini huenda ni tairi zinazofutuka pembeni. Jumamosi ongeza upepo wa nyuma kama kibandiko cha gari kinavyosema kwa mzigo, Jumapili upunguze. Wavivu wote tunaacha upepo wa mzigo wiki nzima, kisha tunalaumu shoki.

Yubolti zikishafungwa, zikazwe tena baada ya kilomita mia tano hivi, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Bushi za springi nazo zikazwe hivyo hivyo, si likiwa juu ya jeki, la sivyo mpira unabaki umesokotwa na utapasuka.

Jumamosi hii ukishuka, kabla ya kwenda sokoni, pitia ghala lolote la nafaka lenye mizani ya magari, upime ekseli ya nyuma peke yake. Ukirudi tupu, upime tena. Chukua na futi, pima kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi ukingo wa bati juu yake, mara zote mbili. Niandikie hizo namba nne, pamoja na shoki ipi ilikuwa baridi, nitakuambia bledi ngapi.